Wauza monita watuandikie idadi ya pikseli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyouziwa monita za kompyuta kwa ajili ya ofisi za nyumbani. Siku hizi kuna wahasibu wanaotunza vitabu vya wateja wao wakiwa sebuleni, wafasiri, wachoraji wa ramani za majengo, walimu wanaotunga mitihani usiku, na wafanyabiashara wanaojaza ritani za kodi kwa njia ya mtandao, na wote hawa hushinda wakisoma maandishi madogo kwenye skrini, lakini wakiingia dukani kutafuta monita huulizwa swali moja tu, "Unataka inchi ngapi?", na jibu la swali hilo ndilo linalopanga bei. Mimi ni mfasiri na msomaji wa prufu, kazi yangu yote ni herufi, na ninaandika kuomba idadi ya pikseli iandikwe kwenye lebo ya bei kando ya inchi, kwa sababu mtu anayesoma na kuandika kutwa nzima hawezi kuchagua vizuri kwa kuambiwa inchi peke yake.

Pikseli ni zile nukta ndogo za mwanga ambazo kwa pamoja hujenga kila tunachokiona kwenye kioo. Monita inayoitwa Full HD ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Ile ya QHD ina 2,560 kwa 1,440, takriban milioni 3.7, na ile ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3, ambazo ni mara nne kamili ya Full HD. Idadi hizo haziongezeki kioo kinapokuwa kikubwa. Full HD ya inchi 24 na Full HD ya inchi 27 zina pikseli zilezile, ila katika ile kubwa zimetandazwa kwenye eneo pana zaidi, hivyo kila moja imenenepa: katika kila inchi ya kioo, ile ya inchi 24 ina pikseli 92 hivi, na ile ya inchi 27 ina 82 tu. Maana yake ni kwamba mtu anayeacha monita yake ya zamani ya inchi 24 na kununua mpya ya inchi 27 ya Full HD anaongeza fedha ili apate maandishi yenye kingo mbaya zaidi kuliko aliyokuwa nayo, na hakuna mtu dukani atakayemwambia hivyo. QHD ya inchi 27 ina pikseli 109 kwa inchi, na 4K ya inchi 27 ina 163.

Tarakimu hizo si za kujionyesha, kwa sababu zinakutana moja kwa moja na uwezo wa jicho. Wengi wetu tukikaa mezani huwa tuko umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye kioo, karibu urefu wa mkono ulionyooshwa. Jicho lenye uoni wa kawaida, kwa kipimo wanachokitumia wataalamu wa macho, linaweza kutenganisha alama mbili zilizoachana kwa sehemu ya 60 ya nyuzi moja ya pembe, na kwa umbali huo wa sentimita 60 pengo hilo ni milimita 0.17. Sasa linganisha: pikseli moja ya Full HD ya inchi 27 ina upana wa milimita 0.31, ya QHD ya ukubwa huohuo ina 0.23, na ya 4K ina 0.16. Ni hiyo ya mwisho peke yake inayoshuka chini ya kile ambacho jicho linaweza kukitenganisha, na ndiyo sababu mtu akiiona kwa mara ya kwanza husema maandishi yake yanafanana na ya kitabu kilichochapwa.

Tuchukue waraka wa kawaida ulioandikwa kwa herufi za pointi 11. Kwenye Windows iliyoachwa katika ukuzaji (mpangilio unaoamua ukubwa wa maandishi na vitufe kwenye skrini) wa asilimia 100, kimo cha herufi ndogo kama "a" au "e" ni pikseli 7 hivi. Ndani ya pikseli hizo 7 kompyuta inatakiwa kuchora tumbo la "e", mstari wake wa katikati na mkia wake, na kwa kuwa nafasi haitoshi, kingo hupakwa rangi za kati ili jicho lidanganyike kwamba kuna mviringo. Ritifaa ya "ng'ombe" hubaki na pikseli mbili tatu, kiasi kwamba msomaji wa prufu hawezi kusema kama mwandishi ameweka iliyonyooka au iliyopinda bila kuukuza ukurasa mzima. Herufi "r" na "n" zikikaribiana hugeuka "m". Mhasibu naye ana mateso yake, maana 3, 6 na 8 katika safu ndefu ya jedwali hutofautiana kwa pikseli moja moja tu. Kwenye monita ya 4K iliyowekwa ukuzaji wa asilimia 150, kimo cha herufi ileile hupanda hadi pikseli 10, na kwa asilimia 200 hufika 14. Tumbo la "e" hufunguka, ritifaa huonyesha mkunjo wake, na kazi ya kukisia inahama kutoka kwenye macho.

Hapo kwenye ukuzaji ndipo penye malalamiko mengi. Nimekutana na watu walionunua 4K halisi, wakaiunganisha, wakaona maandishi yamekuwa madogo kama ya maelezo kwenye pakiti ya dawa, kisha wakaingia kwenye mipangilio na kuirudisha skrini kwenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ili herufi ziwe kubwa. Kufanya hivyo ni kulipia pikseli milioni 8 na kutumia milioni 2. Njia sahihi ni kuacha idadi ya pikseli kama kiwanda kilivyoiweka, kisha katika ukurasa huohuo wa mipangilio ya skrini kuongeza asilimia ya ukuzaji: kwa inchi 27, asilimia 150 humpa mtu nafasi ya kazi sawa na ya QHD, yaani nyaraka mbili zinakaa bega kwa bega bila kubanana, huku herufi zikiwa zimechorwa kwa pikseli nyingi zaidi. Aliyevuka miaka 40 na ameanza kuvaa miwani ya kusomea asione haya kupandisha mpaka 175. Ni kweli kwamba baadhi ya programu za zamani za uhasibu hazikuandikwa kwa kuzingatia ukuzaji huu, nazo huonekana zenye ukungu au vitufe vyake hubaki vidogo mno, kwa hiyo anayetegemea programu ya namna hiyo aijaribu kabla hajatoa fedha.

Watumiaji wa kompyuta za Mac wana sababu ya ziada ya kujali suala hili, kwa sababu tangu toleo la mfumo wake liitwalo Mojave, la mwaka 2018, Apple iliacha mbinu moja ya kulainisha maandishi iliyokuwa ikizisaidia monita zenye pikseli chache, na tangu hapo Mac iliyounganishwa na Full HD ya inchi 27 haipendezi kuitazama. Monita za Apple zenyewe za inchi 27 zina pikseli 5,120 kwa 2,880, yaani 218 kwa inchi. Hizo ni bei nyingine kabisa. 4K ya inchi 27 inatosha.

Kuhusu inchi 32, ushauri wangu ni kwamba isichukuliwe isipokuwa iwe ya 4K, ambayo itakuwa na pikseli 138 kwa inchi. QHD ya inchi 32 ina msongamano uleule wa Full HD ya inchi 24, kwa hiyo mnunuzi anapata eneo kubwa lakini ubora wa herufi haujasogea hata hatua moja. Wako pia wanaoona televisheni ya 4K ya inchi 43 inauzwa kwa bei ya kuvutia na kuamua kuifanya monita. Msongamano wake ni pikseli 102 kwa inchi, sawa na ile Full HD ya inchi 21.5 iliyoko kwenye kaunta ya duka lolote la steshenari, na mtu akiiweka mezani inamlazimu ageuze shingo kutwa kufuata pembe zake. Zaidi ya hapo, televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi ya kuonyesha sinema, jambo ambalo kwenye mpira halionekani kabisa lakini kwenye maandishi mekundu juu ya mandhari ya buluu huacha ukungu. Baadhi yake huwa na mpangilio wa kompyuta unaoondoa kasoro hiyo, na baadhi hazina.

Sasa nije kwenye udanganyifu, ambao ndio ulionisukuma kuandika. Iko aina ya monita inayoweza kupokea picha ya 4K kutoka kwenye kompyuta, kisha ikaipunguza yenyewe ili itoshe kwenye kioo chake cha Full HD. Boksi lake huandikwa kwamba "inasapoti 4K". Winga, yaani dalali, aliyekushika mkono tangu mwanzo wa mtaa pale Kariakoo anaapa, "Bosi wangu, hii ni 4K, haina longolongo". Na ukiiunganisha, mipangilio ya skrini inaonyesha kweli 3,840 kwa 2,160, kwa hiyo unalipa na kuondoka. Kipimo cha kuibaini ni rahisi. Weka ukuzaji kwenye asilimia 100, fungua waraka wenye maandishi madogo meusi juu ya karatasi nyeupe, sogea karibu na kioo. Kwenye 4K halisi herufi zitakuwa ndogo sana lakini zenye kingo zilizokatwa safi. Kwenye ile ya kujifanya, mistari myembamba itafifia na kutoweka, na baadhi ya herufi zitakuwa na upande mmoja mzito kuliko mwingine. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na kioo huonyesha tofauti hiyo waziwazi hata kwa asiye fundi. Baada ya hapo geuza monita, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, na uitafute kwenye tovuti ya kiwanda kabla hujatoa hata shilingi.

Hata monita ikiwa halisi, mzigo wake unatakiwa upite kwenye kebo, na hapa wengi hukwama bila kujua. Picha moja ya 4K ina pikseli milioni 8.3, kila pikseli hubeba biti 24 za rangi, na picha hutumwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha unapata karibu biti bilioni 12 kila sekunde. Tundu la HDMI, ambalo hutoa picha kwenda kwenye monita, la toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009 na ambalo bado limejaa kwenye kompyuta mpakato za mtumba, linaweza kupitisha data ya picha ya biti bilioni 8.2 tu, kwa hiyo kompyuta hushusha kasi hadi mara 30 kwa sekunde, na mtumiaji huona mshale wa kipanya ukirukaruka na kurasa zikikwama anapozipandisha. Huyu huilaumu monita, au huenda kwa fundi aongezewe RAM, wakati dawa yake ni kutumia tundu la HDMI 2.0, la mwaka 2013, au la DisplayPort 1.2 kama kompyuta yake inalo. Tatizo lenyewe si jipya: IBM ilipotoa monita yake ya T220 mwaka 2001, yenye pikseli 3,840 kwa 2,400 kwenye kioo cha inchi 22.2, ilibidi iunganishwe kwa kebo kadhaa kwa wakati mmoja ili picha iende kwa kasi ya kuvumilika, maana hapakuwa na kebo moja iliyoweza kubeba yote. Tundu la Type-C nalo lisiaminiwe kwa umbo lake, kwa kuwa baadhi ya matundu hayo huchaji na kuhamisha mafaili tu bila kutoa picha, na zile adapta za bei nafuu zinazochomekwa hapo mara nyingi huishia kwenye 4K ya mara 30 kwa sekunde. Penye Type-C kamili, hata hivyo, raha yake ni kubwa: kebo moja inapeleka picha na kurudisha chaji kwenye kompyuta, na meza inabaki na nafasi ya kuweka kikombe cha chai.

Mengine yanayotangazwa kwa sauti kubwa hayana uzito huo kwa kazi za ofisi. Kasi ya mara 144 kwa sekunde ni ya wacheza gemu. 60 inatosha kusomea. Kioo kilichopinda ni suala la kupenda tu. Alama ya DisplayHDR 400, inayohusu ung'avu wa picha, ndiyo ngazi ya chini katika familia yake na haiongezi chochote kwenye waraka wa Word. OLED, aina ya kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, ni nzuri ajabu kwa sinema, lakini mpangilio wa nukta zake za rangi kwenye monita nyingi huacha vivuli vya rangi pembeni mwa herufi, na upau wa chini wa Windows ukikaa mahali pamoja miaka na miaka unaweza kuacha alama ya kudumu. Kioo cha IPS, aina ya kawaida kwenye monita za ofisi, kisichong'aa kinafaa zaidi, hasa kwa nyumba zetu zenye madirisha makubwa na jua la kutosha, na mwangaza wa kuanzia niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) unasaidia kwa wale ambao meza zao zinatazamana na dirisha. Anayetegemea monita kwa kazi za watu akumbuke pia UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme), maana umeme ukikatika kompyuta mpakato hubaki hai kwa betri huku monita ikizimika katikati ya sentensi.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya wenye nacho. Siyo. Mwenye bajeti ndogo ndiye anayeumizwa zaidi na lebo isiyo na taarifa, kwa sababu hana fedha ya kununua mara ya pili. Kwa maoni yangu mtu huyo afadhali achukue monita ya mtumba ya inchi 24, hasa zile za maofisini zenye pikseli 1,920 kwa 1,200, ambazo huonyesha mistari kadhaa zaidi ya waraka kuliko Full HD ya kawaida, kuliko kukimbilia mpya ya inchi 27 ya Full HD kwa sababu tu ina fremu nyembamba. Aiwashe dukani kwa muda wa kutosha, aweke skrini nyeupe tupu atazame kama pembe zimekuwa za njano, kisha aweke nyeusi, nyekundu, kijani na buluu atafute pikseli zilizokufa. Fedha itakayobaki anunue kiti kinachoegemeza mgongo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyokabidhiwa jukumu la kuisimamia. Sidhani kama tunahitaji kanuni mpya ili monita iandikwe kwenye lebo yake pikseli za kioo chenyewe, si zile inazoweza kupokea, pamoja na aina ya matundu na toleo lake, na kasi inayopatikana kwenye kila tundu; taarifa hizo zote zipo kwenye kijitabu kilichomo ndani ya boksi na muuzaji anaweza kuzinakili kwa dakika chache. Kinachohitajika ni Tume kupita madukani na kuuliza, na maduka kuweka kompyuta moja iliyowashwa ili mnunuzi ajaribu mwenyewe, au kumruhusu aje na yake pamoja na kebo yake. Wasomaji nao tuna sehemu yetu. Tumeizoea kaulimbiu ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" kwa ajili ya kodi, lakini risiti nyingi za monita huandikwa "Monitor 27" na basi. Muuzaji akiombwa aandike namba ya modeli yote kwenye risiti, herufi kwa herufi, na neno "4K halisi" kama ndivyo alivyosema kwa mdomo, mnunuzi atakuwa na kitu cha kurudi nacho siku ya pili. Na muuzaji akikataa kuliandika, mnunuzi aondoke na fedha zake.

Msomaji wako,
Mbezi, Dar es Salaam